Mgongo wa Dada Yake

Juzi nilikuwa kwenye foleni Makambako, katika zahanati mojawapo ya hizi za binafsi zilizochipuka tangu serikali ilegeze masharti ya Ujamaa. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, kwa hiyo sote tulisikia. Mwanamke mchuma chai kutoka Njombe alikuwa akiomba cheti cha kazi nyepesi, maana mgongo unamuuma miaka nenda rudi. Bila cheti, msimamizi angemfukuza.

"Dada yako huyu hapa anabeba kikapu kilekile," alisema daktari, akimnyooshea kalamu dada aliyemsindikiza mgonjwa. "Tumbo moja, kazi moja. Mbona yeye halalamiki? Wewe mvivu tu."

Dada mtu ndiye aliyejibu. "Mimi hata kaa la moto naokota kwa vidole, daktari. Nimemfuata baba. Huyu kamfuata bibi yetu, ambaye mgongo ulimlaza angali msichana."

"Hadithi hizo."

Mgonjwa akajishika kiuno, akasimama. "Daktari, una kaka?"

"Ninaye."

"Anavaa miwani?"

"Hapana."

"Basi vua hiyo yako, uniandikie cheti."

Foleni nzima tuliangua kicheko. Daktari aliandika, miwani ikiwa puani.

Chuoni tulifundishwa kwamba watoto wa nyumba moja hurithi tofauti: huyu pua, yule mishipa ya fahamu inayowahi kupiga kelele. Pua tunaikubali. Maumivu tunataka yalingane. Ujamaa wa mgao sawa tumeuondoa madukani, tukaubakiza migongoni mwa wanawake.