Tulihesabiwa Kumi na Wawili Tochal

Najua ukikutana na habari ya mtu aliyeachwa mlimani unasogeza kidole haraka, utafute picha za theluji.

Leo husogezi popote. Kaa.

Tulipanda mlima Tochal watu kumi na wawili. Wakati wa kushuka tukahesabiwa: kumi na wawili. Na bado mwenzetu mmoja alikuwa amebaki juu.

Mimi ni fundi wa lifti hapa Tehran. Wiki nzima nashinda ndani ya mashimo ya maghorofa. Ijumaa ni mlima, kiangazi ni miamba, nikipata upenyo ni baiskeli. Napenda tu.

Kiongozi wetu, Mhandisi Kamyar, hapendi. Anakusanya! Mlima, miamba, baiskeli, parachuti, kuteleza kwenye theluji. Kila mchezo na kofia yake, kila kofia na picha yake.

Siku hiyo alikuwa amewatangazia mashabiki wake mlima asubuhi, kuteleza mchana. Kwa hiyo tulikimbizwa kama mbuzi wa mnada.

Kwetu aliye dhaifu hutembea nyuma tu ya kiongozi, na kundi zima hufuata mwendo wake. Mwisho kabisa hukaa mwenye nguvu, asiyepitwa na yeyote. Siku hiyo wa mwisho nilikuwa mimi.

Tulipogeuka kileleni, goti la Golnar likagoma. Golnar ni nesi, alikuja moja kwa moja kutoka zamu.

"Bi Golnar, kaa nyuma, unatuchelewesha," Kamyar akasema. "Fundi, njoo mbele ufungue njia."

"Mhandisi, nyuma anabaki nani?"

"Kwani umekuja kupanda mlima au kulea?"

Watu wakacheka. Nami nikaenda mbele.

Ndiyo, nilienda. Bwege mimi.

Ukungu ukashuka. Kamyar akatuhesabu kwa kutugonga vichwani, sote tumejifunika hadi puani. Kumi na wawili. "Haya, twende!"

Kwenye kibanda cha chai tukavua kofia. Kando yangu amekaa mzee wa masharubu meupe. Simjui.

"Baba, wewe wa kundi gani?"

"Lenu, mwanangu. Nilikuwa peke yangu, nikawaona kwenye ukungu nikafuata. Mkaniambia 'usichoke', salamu ya wapanda mlima, nami nikawajibu. Mbona unanitolea macho?"

Nikaruka, nikamgeukia Kamyar.

"Golnar yuko juu!"

Kamyar akatazama saa. "Ana simu. Kundi lingine litamshusha."

"Mhandisi, yule ni mtu, siyo glavu!"

"Fundi, usinipandishie sauti mbele ya watu."

Akaondoka kwenda kuteleza. Tisa wakamfuata, mmoja akiwa bado anatafuna tende.

Aliyerudi juu pamoja nami ni yule mzee, mwoka mikate, ambaye hata jina la Golnar alikuwa hajalisikia kabla ya hapo.

Tulimkuta baada ya saa mbili, ameketi juu ya mkoba wake, simu imezimwa na baridi, anapuliza filimbi iliyoganda, isiyotoa sauti.

"Mmeninyima hata chai, fundi," akasema. Kisha akalia.

Vidole viwili vya mkono wa kulia viliganda kwa baridi, hospitali wakavikata. Mkono ule ndio uliokuwa ukitafuta mishipa ya watoto wachanga.

Klabu yetu ya wapanda mlima ikaitisha kikao. Ripoti ikasomwa: kiongozi alihesabu watu kumi na wawili, kwa hiyo hakuna aliyeachwa, mshiriki alijitenga mwenyewe baadaye. Saini kumi chini yake. Majina yote ninayo kichwani, na sisahau.

Yule mwoka mikate akasimama.

"Wa kumi na wawili nilikuwa mimi."

Mwenyekiti hakuinua hata macho. "Mzee, wewe si mwanachama. Huwezi kuhesabiwa."

Umesikia? Mlimani alihesabika vizuri kabisa.

Hawa ndio mashujaa wenu wa michezo mitano. Wanajua bei ya kila kamba, jina la aliye nyuma yao hawalijui.

Kofia haina jina. Mtu analo, na mtu akiitwa jina lake lazima aitike mwenyewe.

Basi usiniandikie "pole". Mwandikie kiongozi wako sasa hivi: Ijumaa hii tunaitwa kwa majina, juu na chini. Akikataa, usipande. Shika simu. Andika.