Nilivyompeleka mchumba wangu China kwenye klabu ya wasafiri wa dunia ya Kibondo na Kasulu

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa.

Hili limenipata mimi mwenyewe, mwaka uliopita. Majina nimebadilisha kwa sababu Kibondo ni ndogo na baadhi yenu mpo humu mnasoma kimya kimya. Mengine yote yako kama yalivyotokea. Pale nilipokuwa mjinga nimeuacha ujinga wangu ukae, mtaukuta.

Mimi ni mwanamke, mtu wa maabara kwenye kituo cha afya huku Kibondo. Kwetu Njombe. Ajira ndiyo iliyonileta, kama ilivyoleta nusu ya watumishi mnaowaona huku.

Nilikuwa na mchumba. Tumuite Eliya, kwao Tabora. Alikuwa mtunza stoo kwenye shirika moja lililokuwa linahudumia kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa, kazi ikaisha. Akahangaika, mwisho akapata wakala wa kumpeleka Guangzhou, China, kwenye mambo ya kusafirisha mizigo.

Kanisani tulimuombea. Nilimsindikiza stendi na begi lake jipya. Tukakubaliana akirudi atanikuta hapa hapa Kibondo, tufunge ndoa.

Sasa sikieni. Mwaka wa kwanza wa kumsubiri, uhamisho wangu wa kurudi Njombe ukatoka. Niliuomba zamani, kabla sijamjua. Nikaukataa. Mama yangu hakuongea na mimi wiki tatu nzima.

Kwa hiyo mnaelewa nilichokuwa nimekiweka rehani. Kama Eliya harudi, mimi nimebaki Kibondo namsubiri nani?

Nije kwenye klabu.

Mwanzilishi ni dereva mmoja, Mathayo, Muha wa Busunzu. Naye aliendesha magari ya mashirika miaka mingi, amefika Burundi, Rwanda, Uganda, mpaka Bukavu. Mashirika yalipopunguza watu akabaki na kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, anabeba mihogo na mahindi ya watu. Siku moja kaja kupima malaria, namtoboa kidole, akaniambia, "Dokta, mimi siumwi. Mimi nimekumbuka barabara." Huku kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, nilishachoka kubisha.

Akakusanya wenzake waliowahi kutoka nje ya nchi, wakawa tisa na mimi. Klabu ya Wasafiri wa Dunia. Watu wa mjini walicheka sana. Wasafiri wa dunia gani wanakutania kwenye banda la kuku?

(Banda lilikuwa la kuku kweli, ila kuku walishauzwa.)

Utaratibu ulikuwa hivi. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana, mwezi huu Kibondo, mwezi ujao Kasulu. Kila mwezi memba mmoja "anatupeleka" nchi aliyowahi kufika. Anapika chakula cha huko, anasimulia. Simu zinakaa kwenye ungo mlangoni. Hakuna picha, hakuna kugugo, unasema ulichokiona kwa macho yako.

Akimaliza, kama kuna mwingine aliyewahi kufika nchi ile, anamuuliza maswali matatu mbele ya wote. Tuliyaita maswali ya mpakani. Ukiyajibu vizuri, unapita na daftari za wenzako unazigonga muhuri. Kila mtu alikuwa na daftari lake la shule, hiyo ndiyo pasipoti. Mihuri Mathayo aliichonga kwa soli za kandambili.

Mkicheka chekeni, lakini nilikuwa nalisubiri lile daftari kuliko mshahara.

Tatizo ni kwamba mimi sijawahi kuvuka mpaka. Hata kule Nyabibuye, ambako Burundi unaiona kwa macho, nimeishia kuiona tu. Nilipoomba kujiunga nikamwambia Mathayo ukweli, ila mchumba wangu yuko China.

Akafikiri, akakubali kwa Kiha chake, "Ego. Wewe hujavuka ila una mtu aliyevuka. Utatupeleka China kwa mdomo wake."

Nikaingia.

Mwezi wa kwanza Mathayo alitupeleka Bukavu. Alipika sombe, ambayo ni kisamvu hiki hiki, lakini ilivyokuwa na mawese na pilipili tuliiheshimu kama kitu kigeni. Mwezi wa pili Mwalimu Yusta, anayefundisha sekondari hapa mjini, akatupeleka Zambia alikosomea. Tukagombana nusu saa kama nshima ni ugali au si ugali. Yusta alikasirika mpaka akataka kubeba sufuria lake aondoke.

Kisha Bwana Nassoro, mwenye duka la vitambaa Kasulu, mtu mzima, asili yake Tanga. Akatupeleka Muscat. Alianza na masoko na marashi, akafika kwa dada yake aliyeolewa kule na kufia kule, akaishia hapo. Mkewe akatoa halua, tukala.

Kadiri miezi ilivyokwenda nikaona kila mmoja ana mtu wake huko anakosimulia. Yusta alikuwa na rafiki aliyeishi naye chumba kimoja Lusaka, hajui hata kama yu hai. Mathayo alikuwa na mama mmoja muuza chai Bukavu aliyekuwa anamwita "mon fils", yaani mwanangu. Nikajisemea, basi mimi nipo mahali sahihi, maana mimi wangu bado yupo na kila siku ananipigia.

Alikuwa anapiga saa kumi na mbili jioni, nikiwa nimetoka kazini. Sauti tu, kwa intaneti na namba yake ile ile. Alisema mtandao wa kule haukubali video.

Kabla ya klabu tulikuwa tunaongea ya kawaida, umekula, umelala, nani kafa. Baada ya klabu nikaanza kumhoji kama askari wa uhamiaji. Wanakula nini asubuhi? Mabasi yao yakoje? Baridi je? Anajibu, naandika.

Na alikuwa anajibu vizuri, wakuu. Mtu aliyekuwa hajui kusimulia hata mechi ya mpira, akaniambia jinsi theluji inavyoanguka bila sauti. Inatua begani, ukiigusa haipo. Inajaa mpaka magotini, watu wanatembea polepole kama wanapita shamba la mpunga.

Mimi ni mtu wa Njombe. Mwezi wa sita kwetu nyasi zinaganda, ukizikanyaga asubuhi zinalia. Kibondo jioni kuna kaubaridi lakini si kale. Nilikuwa nimeshamwambia mara mia jinsi ninavyoikumbuka ile baridi. Kwa hiyo aliponisimulia theluji nilikuwa nafumba macho na simu sikioni. Nilimpenda upya, na nasema hivyo bila aibu.

Mtaniuliza mbona hukugugo? Swali zuri. Nilijiambia simu haziruhusiwi klabuni. Kumbe nyumbani nani alinikataza?

Mwezi wa kumi na moja ikawa zamu yangu. Mkutano ulikuwa Kasulu, uani kwa Bwana Nassoro.

Nilifika asubuhi na kirikuu cha Mathayo, nimebeba tambi, tangawizi, mboga za majani na vijiti vya mianzi nilivyochonga mwenyewe. Vijiti vilitushinda wote. Mathayo alijaribu mara mbili, akaviweka chini akala kwa mkono, akasema Mchina atamsamehe.

Nikasimama nikasimulia. Nilisimulia kama niliyefika. Theluji niliitoa yote kama alivyoniambia, neno kwa neno, mpaka mke wa Bwana Nassoro akajifunika khanga vizuri kwa baridi ya maneno tu.

Nikamaliza. Mathayo akauliza kama kawaida, "Nani amewahi kufika?"

Bwana Nassoro akanyoosha mkono. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kabla ya kuzeeka aliwahi kufuata vitambaa Guangzhou mara mbili. Nikafurahi, nikasema leo nina mtu wa kunithibitisha.

"Swali la kwanza. Mwanangu, hiyo theluji ni ya Guangzhou penyewe, au kijana alisafiri?"

"Penyewe," nikasema. "Mbele ya chumba chake."

Akatikisa kichwa taratibu.

"La pili. Hapa ikiwa saa kumi na mbili jioni, kule kwake ni saa ngapi?"

Hilo nililijua kama jina langu. "Saa saba mchana. Huwa ananipigia akiwa mapumziko ya chakula."

 Mathayo akaangalia viatu vyake. Yusta ni mwalimu wa jiografia. Alinitazama jinsi wauguzi wanavyomtazama mgonjwa ambaye majibu yake yameshatoka ila yeye bado hajaambiwa.

Tukasubiri swali la tatu. Mzee wa watu akakaa. Kisha akalichukua daftari lake, akalifungua, akanisogezea.

"La tatu sina. Gonga, mwanangu."

Nikagonga. Wote wakaleta madaftari yao, nikagonga nane haraka haraka, na sijui haraka ilikuwa ya nini. Hapana. Nilijua.

Wakati wa kuosha vyombo nikamfuata Bwana Nassoro kibarazani. Nikamwambia swali la tatu nalitaka.

 Akasema, "Mimi nilikwenda mwezi wa kwanza, kipindi chao cha baridi. Nilivaa shati na sweta jepesi. Theluji sikuiona, na wenyeji nao wanahadithiwa tu. Na saa, wale wametutangulia, mwanangu. Sisi tukifunga maduka hapa, kule watu wanapanda vitandani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kamuulize yeye, usiniulize mimi. Ila muulize kwa upole. Mtu hajisumbui kutunga yote yale kwa ajili ya mtu asiyempenda."

Kesho yake saa kumi na mbili akapiga. Nikamuacha amalize salamu.

"Eliya, hapo ulipo ni saa ngapi?"

"Saa saba na..." Akakatisha.

"Niambie ulipo nije."

 Akasema neno moja.

"Kahama."

Kahama, wakuu. Mtu anapanda basi Kibondo asubuhi, chakula cha mchana anakula Kahama. Nilikuwa nimepita pale mara ngapi nikienda likizo Njombe! Basi linasimama, tunanunua karanga dirishani.

Wakala alimzungusha Dar miezi miwili, halafu akazima simu. Eliya akaona aibu kurudi kwa watu waliomuombea. Akashukia Kahama, akapata kazi kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Simu ya kwanza akanidanganya kwamba amefika salama, akipanga kuniambia ukweli wiki inayofuata. Ikawa miaka miwili.

Nilikwenda. Niliomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda.

Nilimuona kabla hajaniona. Amekonda. Alikuwa anafuta kiti cha plastiki kwa kitambaa, anakirudia, ndicho kiti alichoniandalia. Nami niliyekuwa nimepanga maneno njia nzima tangu Nyakanazi, nikaenda kukikalia.

Mwanamke mwingine hakuwepo. Nililichunguza hilo kwa makini, dada zangu mnanielewa.

Nikamuuliza theluji aliitoa wapi.

"Ulisema unaikumbuka baridi ya kwenu," akasema. "Nikawa nasoma, naangalia video, nakuandalia. Kwa ajili ya klabu yenu ulikuwa unauliza sana, nikawa sina pa kukwepea. Lakini ukinyamaza kusikiliza nilikuwa nafurahi. Nilikuwa najiona kama nimefika."

Nikalia hapo hapo dukani kwa watu. Yeye naye akalia. Mteja mmoja alikuja kuuliza pleti za klachi, akaondoka kimya kimya.

Nilimsamehe siku ile ile. Wengine mtasema nimerogwa, semeni.

Shida haikuwa kusamehe. Shida ni kwamba nilikaa naye siku mbili nikimtafuta. Anaongea kidogo, ana mafuta ya injini kwenye kucha, anauliza umekula. Ni mtu mwema. Nilirudi Kibondo, na kwenye basi nikajikuta nina hamu ya Eliya vile vile kama siku zote, na nimetoka kumuaga sasa hivi.

Mwezi wa kumi na mbili klabu ilikutana Kibondo kufunga mwaka. Niliwaeleza yote, nikaomba waufute ule muhuri. Mathayo akakataa. Yusta akasema kijiografia ni aibu, lakini yeye wake haufuti. Bwana Nassoro hakuja, alikuwa anaumwa miguu.

Nilichojifunza ni hiki. Kumuuliza mtu si kumkosea imani. Mimi niliogopa kuuliza, nikaona kutouliza ndiyo mapenzi, kumbe nilikuwa namsaidia kudanganya. Ningemuuliza swali moja la kijinga mwaka wa kwanza, ningemkuta Kahama akiwa bado hajawa mzuri hivyo wa kusimulia, na pengine yule yule angenitosha.

Sasa ameomba aje Kibondo kwa wachungaji na wazazi, tumalize tulichoahidiana. Ameacha uongo, kila jioni ananiambia ya Kahama, vumbi, wateja, umeme umekatika. Mimi nasikiliza, najibu vizuri, nakata simu, nakaa hapo kitandani na viatu vyangu miguuni.

Nimemkumbuka mno, wakuu. Ila nimemkumbuka yupi, huyu wa Kahama au yule wa theluji, ndilo lililonileta kwenu.

Mliooa na kuolewa, mliowahi kupoteana mkaonana tena, nipeni maneno. Hata ya kunikemea nitayasoma, ila msinitukanie Eliya.