Mwiko wa Wifi

Wifi yangu ni fundi vigae, na kigae hakipimi kwa macho. Anapiga magoti, anakigonga kwa mwiko mdogo wa mbao, anatega sikio kama daktari agongaye kifua cha mgonjwa. Kilichoshikwa vizuri na saruji, anasema, kimeshiba. Chenye hewa chini yake kina njaa, na siku kabati likikaa juu yake kitapasuka. Miaka kumi na tisa anafanya hivyo. Magoti yake meusi kuliko sufuria zangu.

Mwezi uliopita alimaliza ukumbi wa shule ya muziki. Msimamizi wa jengo, mwanamume wa sauti kubwa na subira ndogo, alimwambia wazi kwamba mkaguzi atakuja Ijumaa. Asipokuta kigae chenye hewa, vyumba kumi na viwili vya juu ni vya wifi. Akikikuta, ataitwa fundi mwingine.

Jumatano wifi akataka kuikagua kazi mwenyewe kwanza. Mwiko haupo. Akapekua mfuko wa zana mara tatu, mwishowe akaazima kijiko cha chuma. Akagonga, akatoka jasho: vigae vinne vina njaa. Akavitia alama za chaki. Kimoja kikang'olewa. Chini yake saruji imejaa pomoni.

Msimamizi akacheka hadi akashika ukuta. Akasema fundi asiyeijua kazi yake mwenyewe bora afungashe.

Mwalimu wa muziki alikuwa amekuja kuuona ukumbi wake. Akachuchumaa, akagonga kigae kimoja kwa kijiko, halafu kwa kifundo cha kidole.

"Kigae ni kile kile, sauti mbili," akasema. "Zumari na fidla zikipiga noti moja, bado unajua ipi ni ipi. Hapa kijiko kinajisemea chenyewe. Mama, siku zote unagongea nini?"

Ndipo nilipoingia mimi na chakula cha mchana, mwiko umesimama katikati ya mchuzi.

Wifi akanitazama. "Kumbe ni wewe."

"Niliukuta kwenye vyombo vyangu," nikamjibu. "Ulitaka niusalimie?"

Akauchomoa, akaulamba, akauosha bombani, akarudi chini. Alama tatu za chaki zilizobaki akazifuta kwa kiganja: vimeshiba. Akasogea kigae kwa kigae hadi mlangoni, mahali ambapo kijiko hakikuona kitu. Hapo akasimama.

"Hiki ndicho kina njaa."

Msimamizi aling'oa mwenyewe, kwa hasira. Chini palikuwa na uwazi wa kutosha kiganja. Hakucheka tena, alikwenda kuchanganya saruji.

Ijumaa mkaguzi aligonga, hakupata kitu. Sasa wifi yuko juu, chumba cha tano. Mwalimu huwapandisha wanafunzi wake adhuhuri, wanafumba macho, wanabishana: kimeshiba, kina njaa. Kelele zao zinafika barabarani.

Mwiko umefungwa kamba nyekundu, nami nimekatazwa kuugusa. Lakini wifi amemnong'oneza mwalimu kwamba tangu ule mchuzi, mwiko unasikia vizuri zaidi. Mwalimu ameniambia.