Vyuo Viwili na Udongo wa Kaburi

Barua mbili zilinifikia siku moja, na zote zilisema nimekubaliwa. Mtu mwingine angecheza ngoma. Mimi nilikaa uani kwetu, juu ya kinu kilicholazwa, nikazisoma mara tatu, kisha nikaanza kukasirika bila kujua ninamkasirikia nani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini. Nilikuwa nimerudi nyumbani Samuye baada ya kuacha kazi katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, ambako kwa miaka mitatu nilikuwa karani na mkalimani wa Mzungu aliyesimamia ustawi wa wafanyakazi. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu. Nilitaka kuisomea kazi ya ustawi wa jamii sawasawa, mafunzo ya juu, niache kuwa mdomo wa mtu mwingine. Niliomba vyuo viwili nikiamini kimoja lazima kitanikataa.

Cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, miezi kumi. Barua yao ilikuwa fupi na kavu: panda treni ya Alhamisi, njoo na blanketi lako. Ilikuwa imezunguka sana njiani hata ikanikuta Jumamosi. Cha pili kilikuwa Kampala, miaka miwili, na masomo yangeanza baada ya miezi mitatu. Hiyo ya Kampala ndiyo iliyoniharibia siku. Mkuu wa chuo aliandika kwamba ile habari niliyoipeleka pamoja na maombi imemgusa moyo, na kwamba itasomwa mbele ya wanafunzi wapya wote iwe mfano kwao.

Habari yenyewe ilikuwa ya mjane. Vyuo vyote viwili vilimtaka mwombaji aeleze jinsi alivyomsaidia mtu mmoja mwenye shida, nami nikaandika juu ya mwanamke aliyekuja mgodini baada ya mumewe kuangukiwa na mwamba. Niliandika jinsi nilivyompa kiti na maji, nilivyomfasiria maneno ya Mzungu taratibu, na jinsi alivyoondoka ametulia, akishukuru. Kiingereza changu kilikuwa kizuri siku ile. Kilikuwa kizuri kupita kiasi.

Kiti nilimpa kweli, na maji pia. Lakini yule mwanamke hakushukuru. Mzungu alipouliza kama ana neno zaidi, alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kwamba anaomba udongo kidogo wa kaburi la mumewe. Marehemu alikuwa amezikwa kwenye makaburi ya mgodi kabla ndugu hawajapata habari. Katika ukoo wa mumewe, mtu akifia mbali na mwili usirudi, huletwa udongo wa kaburi lake ukafukiwa nyumbani kwao, na hapo ndipo matanga huanza, na yakianza ndipo huweza kwisha. Bila udongo hakuna kilio, hakuna kunyoa nywele, na mke wa marehemu hubaki palepale, si mjane wala si mke wa mtu.

Nilimwelewa kila neno, maana mimi ni Msukuma kama yeye. Ndiyo sababu nikaona aibu. Yule Mzungu alikuwa na desturi ya kutabasamu akisikia mambo yetu, kama mtu anayetazama watoto wakipika matope, nami siku hiyo nilikuwa nimevaa tai na viatu vipya. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Anasema asante." Akafunga jalada. Nikamgeukia mjane nikamwambia bwana amesikia. Kwangu mimi shauri likaisha.

Waswahili husema njia mbili zilimshinda fisi. Mimi zilinishinda nikiwa bado nimekaa kwenye kinu. Baba, ambaye maisha yake yote yalikuwa ng'ombe na mtama, alisikiliza akaamua mara moja kwamba niende Dar es Salaam, kwa kuwa miezi kumi ni mifupi kuliko miaka miwili na yeye hakuwa anarudi ujana. Nami nilitaka hivyohivyo, kwa sababu yangu mwenyewe. Nilijiambia kwamba nikiikataa Kampala nitakuwa nimeukataa uongo. Wale wa Dar es Salaam hawakunisifu kwa lolote. Wao walitaka blanketi tu. Nilianza kuona naweza kuwa mtu safi kwa nauli ya daraja la tatu.

Jumapili, nikitoka kanisani, nilikutana na yule mjane. Wakwe zake walikaa ng'ambo ya korongo, kijiji cha jirani, jambo nililolijua siku zote na kulikwepa siku zote. Alikuwa anatoka kisimani na mtungi. Nywele zake hazikuwa zimeguswa na wembe kwa miaka miwili. Alizifunga kwa kipande cha kaniki. Aliponitambua alitua mtungi chini, akafurahi. Nilimwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, akaniuliza hali ya nyumbani, ya baba, ya ng'ombe, kila kitu kwa utaratibu wake, bila haraka. Kisha akauliza.

"Karani, yule Mzungu alijibu nini juu ya udongo?"

Nilitamani korongo linimeze. Akanihurumia, akaanza kunieleza kwamba hanilaumu. Wakwe zake walikuwa wameanza kuchoka. Shamba la marehemu halikugawiwa, na watu waliotaka kuja kumposa binti yake walirudi njiani, maana nani ataposa kwenye nyumba yenye maiti isiyoliliwa? Lakini yeye aliwaambia wavumilie. Aliwaambia yuko karani, mtoto wa hukuhuku kwetu, amelipeleka neno lake, ila mambo ya serikali hukawia.

"Bado linashughulikiwa," nikasema.

Uongo wa pili hauna jasho kama wa kwanza. Ulitoka wenyewe, ukiwa umenyooka na umechana nywele. Nilimsaidia kujitwika mtungi, akanishukuru, na safari hii alishukuru kweli.

Siku hiyo sikula. Mama alidhani ni homa. Baba alidhani ni mwanamke, na hakukosea sana. Nilipowaza kupanda treni ya Alhamisi, nilimwona yule mama akikaa na nywele zake miezi kumi mingine huku mimi najifunza usafi wa moyo pwani. Nilipowaza Kampala, nilipata miezi mitatu ya kwenda Geita na kurudi, lakini nikajiona nimekaa mbele ya watu wageni, habari yangu inasomwa, nao wananitazama kwa heshima. Niliwachukia wote wawili, Mzungu na yule mkuu wa chuo, mpaka nikakumbuka kwamba hakuna hata mmoja wao aliyenidanganya.

Jumatatu alfajiri nilikwenda Shinyanga kwa baiskeli, nikapeleka posta majibu mawili. Dar es Salaam niliwaomba radhi. Kampala niliwaambia nitakuja. Baba alikuwa amenifokea tangu mlangoni hadi barabarani kwamba nimeacha mkate nikafuata harufu, nami sikuweza kumweleza, kwa hiyo nikamjibu vibaya. Mpaka leo neno lile linaniuma. Halafu nikapanda treni ya kwenda Mwanza, na kesho yake nikavuka maji na kupanda lori la kwenda mgodini.

Makaburi ya mgodi yako nyuma ya zahanati. Kwa miaka mitatu nilipita karibu nayo kila asubuhi nikienda kazini, mwendo wa kuvuta sigara moja. Mchimba kaburi alikuwa mzee kutoka Masumbwe, tulikuwa tukijuana kwa salamu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza ninachotaka, na nikamwuliza ruhusa huombwa kwa nani.

"Ruhusa ya nini?" akasema. "Watu wa kwenu huja na kitambaa, nawaonyesha, wanachota, wanakwenda zao. Huyu nilidhani hana watu."

Alinipeleka moja kwa moja, bila kusoma kibao. Nilipiga magoti nikachota kwa mikono. Ulikuwa udongo mwekundu wenye changarawe, mkavu, nikaufunga kwenye leso yangu nyeupe ya ukarani. Yule mzee alisimama kando ameegemea jembe, akatazama pembeni ili nisione haya ya kulia. Nililia hata hivyo.

Alhamisi nilirudi kutoka Mwanza. Treni iliyonirudisha ndiyo ileile iliyokuwa inichukue kwenda Dar es Salaam. Pale Shinyanga nilishuka, nikaitazama ikiondoka kuelekea Tabora na nafasi yangu ndani.

Ijumaa nilivuka korongo. Alikuwa anapepeta mtama uani. Nilikuwa nimepanga hotuba, lakini nilipoiona ile kaniki kichwani mwake hotuba ikayeyuka. Nilimkabidhi leso kwa mikono miwili, akaipokea kwa miwili. Aliujua uzito wake kabla hajaifungua.

"Mzungu hakuulizwa," nikamwambia. "Ulipoomba, mimi nilimwambia umeshukuru. Sikulitaja neno lako kabisa."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Sikuona hasira usoni mwake, na ningeitaka sana ile hasira, maana ningejua pa kuiweka.

"Basi miaka hii yote nilikuwa nakungoja wewe," akasema.

Alimtuma binti yake akamwite baba mkwe shambani. Kisha akaketi, leso mapajani, kama amesahau kwamba bado nimesimama. Nilipotaka kuaga akaniuliza kama ni kweli, amesikia ninakwenda shule tena. Nikasema ni kweli.

"Watakufundisha nini?"

"Kuwasaidia watu wenye shida."

"Kwa muda gani?"

"Miaka miwili."

Akapitisha kidole juu ya fundo la leso.

"Na huku ulikokwenda kuuchukua huu, umetumia siku ngapi?"

"Tano, pamoja na leo," nikasema.

Akainuka, akaingia ndani na udongo wake. Kilio kilianza kabla sijaifikia baiskeli yangu.