Sultani Alipokataa Samaki

Mimi nimeanza kwa kusukuma mkokoteni, leo nina maduka mawili Mji wa Kale, kwa hivyo hakuna la kunishangaza tena. Basi paka wangu Sultani, mzee asiye na meno, akaacha kula. Nikamchambulia samaki wa tasi kwa vidole vyangu mwenyewe, akageuza uso. Nikajua ndiyo ananiaga. Nikamfunga kwenye kikoi changu kipya, tukapanda tuktuk mpaka kwa daktari wa wanyama Ganjoni, na mbele za watu nikalia kama mtoto.

"Daktari, pesa si neno. Niokolee mwanangu!"

Daktari akamtomasa tumbo. "Mzee, huyu ameshiba."

"Ashibe nini? Tangu juzi hajatia kitu kinywani!"

Mara akaingia jirani yangu Bi Zuhura, anahema. "Nimeambiwa umempakia paka wangu Bahati kwenye tuktuk! Wamlilia nini, naye ndiyo kwanza atoka kula supu yangu ya kuku?"

Sultani akajikokota hadi miguuni pake. Watu wakaangua kicheko, nami machozi hayajakauka.

Nikamlipa daktari, nikalipa na tuktuk ya kuturudisha sote watatu nyumbani. Jumla shilingi elfu mbili mia tatu na hamsini.