Mafuta ya Ndani

Mama mkwe wangu ana jibu la kila ugonjwa, na jibu lenyewe huwa jikoni. Nilipotokwa na magamba meupe viwikoni na magotini, alinitazama mara moja tu akakata shauri: mwili umekauka, unataka mafuta ya ndani. Basi kila Jumapili tulipotoka Mapinga kwenda kwake Bagamoyo, nilikuta wali wa tui zito, samaki wa kupaka, na kibakuli cha samli, changu peke yangu. Mkwe hakatai chakula cha ukweni. Mimi ni mtu wa bara, na katika adabu zote za pwani, hiyo niliishika upesi kuliko zote.

Miezi ikapita. Magamba hayakupungua hata moja, ila suruali zangu zote zilianza kunikataa.

Mwishowe nikaenda hospitali. Nilimwonyesha daktari viwiko. Yeye akatoa futi kama ya fundi cherehani, akanizungushia kiunoni.

"Daktari, nimekuja kwa ajili ya ngozi."

"Najua. Nyoosha mkono nikupime presha."

Akanitoboa kidole pia, apime sukari. Kisha akanieleza taratibu kwamba ile ni soriasisi, wala si ukavu. Mwili unajishambulia wenyewe, na mara nyingi mwenye ugonjwa huo huandamwa pia na kitambi, presha na kisukari. Sukari yangu ilikuwa imebakiza kidogo tu kuvuka mpaka. Niliogopa, nasema kweli. Nina watoto wawili, wa mwisho hajaanza hata kutembea.

Jumapili iliyofuata, kabla sijanawa mikono, nilimweleza mama mkwe yote, nikimtania kwamba dawa yake imenizidi kipimo. Nilitegemea acheke, au anune. Akaweka upawa chini.

"Baba yao naye alikuwa nayo haya, mgongo mzima," akasema.

Marehemu mumewe sikumkuta. Nilijua tu kwamba alikatwa mguu kwa kisukari, na hakuishi sana baada ya hapo.

"Nikampikia hivi hivi, miaka yote. Kwani mwanangu, ni mimi niliye..."



"Hapana, mama," nikasema. Nilisema haraka mno, naye akaliona hilo. Akaivuta sahani yangu, akaanza kupunguza wali, kijiko baada ya kijiko.