Ndoo ya kakao niliyoiona nikiwa nimefumba macho

Admin, ukikiposti hiki kisa futa kabisa jina langu, maana huku Kyela tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, nina watoto watatu, tunalima mpunga na kakao huku Bujonde. Kanisani nafundisha watoto shule ya Jumapili. Naandika nikiwa najichukia, sitaficha.

Mungu kanijalia kuona kwa mawazo. Nikiwafundisha watoto habari za Yesu kutuliza dhoruba, nawaambia wafumbe macho: tuko Matema, ziwa limechafuka, mtumbwi unajaa maji, Yesu kalala juu ya nyavu zinazonuka usipa, wale dagaa wa ziwani kwetu. Utawaona wanashikilia mabenchi wasizame! Wanajua tunawaza tu, na tukifumbua macho tunamshukuru Mungu ambaye ni wa kweli. Mimi mwenyewe nilimpenda Yesu kwa njia hiyo tangu nikiwa mdogo.

Basi akaja mtumishi mmoja kutoka mjini, akaanzisha maombi ya akina mama kila Alhamisi mchana. Kazi yetu ikawa kufumba macho na kusema tunachoona. Huyu kaona nyoka, yule kaona jeneza. Mimi wiki tatu sikuona kitu. Mtumishi akaniambia mbele ya wote, "Mwalimu mzima huoni? Una dhambi gani unaificha?" Wenzangu wakaguna. Niliona aibu, sijawahi kuona aibu vile.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa tunamwombea dada mmoja ambaye mimba zake mbili zimetoka. Nikafumba macho, nikatunga, kama ninavyowatungia watoto. Nikasema, "Namwona bibi, kitenge cha kijani, anachechemea, kabeba ndoo imefunikwa majani ya mgomba."

Nilimtoa wapi? Asubuhi ile nilipishana njiani na jirani yangu, nimwite Bibi Atu, mjane mwenye mguu mbovu, kabeba kakao yake mbichi akaivundike. Ndoo ya hivyo ipo kila nyumba huku kwetu. Kwangu zilikuwepo mbili! Lakini mtumishi akaruka juu: "Mmesikia? Sasa mnajua mimba za huyu binti zinakwenda wapi!" Yule dada akapiga yowe. Wote wakamjua bibi anayesemwa, na mimi nikanyamaza. Wakanipigia makofi, na nilifurahi jamani. Kile kifuraha ndicho kinachonitia kinyaa mpaka leo.

Tangu hapo Bibi Atu hana mtu. Msibani juzijuzi alikuja na mkungu wake, akakaa kumenya ndizi na wenzake kama kawaida. Wakahama mmoja mmoja, akabaki na kisu chake. Ndizi alizomenya wakawatupia nguruwe, wanawake wale wale tunaopokea nao meza ya Bwana! Mtumishi akiniona ananiita "jicho la kanisa", nami nageuza njia. Hata harufu ya kakao inayovunda nyumbani kwangu siiwezi tena.

Nilimwambia mume wangu ukweli. Akasema, "Nyamaza. Ukisema ulitunga, nani atakuachia mtoto wake umfundishe?" Nikanyamaza tena.

Juzi Bibi Atu kaja kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba. Ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa. Akakaa barazani, kaunyoosha ule mguu. Nikajua kaja kunilaani, na nilistahili.

Akasema, "Mwalimu, wanasema wewe ndiye uliyeniona. Mimi sijijui kama naroga. Labda naenda kuroga nikiwa usingizini, bila kujua. Nifumbie macho, mwanangu, uniangalie vizuri. Kama ni kweli niambie, nihame, watoto wa watu wasife."

Ndugu zangu, yule bibi ameanza kuuamini uongo wangu kuliko anavyojiamini mwenyewe. Na mimi, badala ya kupiga magoti, nikasema, "Nitakuombea, bibi." Akanishukuru! Akasema atarudi baada ya siku tatu, akachechemea mpaka kwake, ameridhika.

Kesho anarudi kusikia nimeona nini. Nikisema ukweli kanisani nawapoteza wale watoto, na hicho ndicho kitu pekee kizuri nilichowahi kumfanyia Mungu. Msinipe pole, sizitaki. Nishaurini tu, nifanye nini, maana akikaa pale barazani nitalazimika kumtazama, safari hii macho yakiwa wazi.